Haidrojeni au betri? Soma kabla hujatuma hela Japani

Juzi usiku shemeji yangu kanipigia, kaona Toyota Mirai, gari la haidrojeni, mnadani Japani, gari limenyooka, ndani kama sebule, na bei imeshuka mno kwa gari ambalo lilipotoka mwishoni mwa 2014 lilianzia yen milioni 7 na ushee. Anataka kutuma hela asubuhi. Nikamwambia shem, tulia kwanza. Na najua hayuko peke yake, hiyo bei inawavuta wengi sasa hivi, ndo maana nimeamua kuandika magari yote yasiyotegemea petroli peke yake ninayoulizwa kila siku na nayapanga vipi.

Mirai naiweka ya mwisho kabisa. Sio gari baya, ni gari la Toyota kwelikweli, unajaza dakika 5 tu na toleo la pili la mwishoni mwa 2020 linakwenda kilomita 600 na zaidi kwa mtungi uliojaa. Shida ni unajazia wapi. Inatembelea haidrojeni iliyobanwa kwa presha ya baa 700, wenye gari za gesi hapa Dar mtanielewa, mitungi yenu ni baa 200, kwahiyo usidanganywe na mtu kwamba fundi wa gesi atakufanyia mchongo, ni gesi nyingine na mitambo mingine kabisa. Bongo nzima hakuna kituo cha kujaza haidrojeni, na huwezi kujazia nyumbani. Hata California ambako vituo vipo, Shell walifunga vya kwao vya magari madogo 2024, na kilo moja ilishapita dola 30, wakati mtungi wa Mirai unabeba kilo 5 na kitu. Halafu mitungi yenyewe ina mwisho wa matumizi, miaka 15 tangu itengenezwe, sasa piga hesabu gari la 2015 limebakiza mingapi.

Kuna kitu kingine kinaniuma zaidi maana watu wanaiita gari ya kijani. Mirai nayo ni gari la umeme, mota ileile, ila umeme unatengenezwa humohumo kwa kuchanganya haidrojeni na oksijeni, kinachotoka nyuma ni maji. Safi. Lakini haidrojeni nyingi duniani inatolewa kwenye gesi asilia na makaa ya mawe, moshi unabaki kiwandani. Ukitaka ya kutoka kwenye maji, kilo moja inakula uniti 50 hadi 55 za umeme, na hiyo kilo inakupeleka kama kilomita 100. Uniti hizohizo ukizitia kwenye Nissan Leaf unakwenda kilomita 300. Nchi ambayo umeme tunauhesabu kwenye LUKU, mita ya kulipia kabla, hiyo tofauti ni kubwa mno kuifumbia macho.

Kwa hiyo ni betri. Namba 1 kama mfuko unaruhusu ni BYD Dolphin au Atto 3, kwa sababu ya betri zao za chuma na fosfeti, zile za LFP, zinavumilia joto na unaweza kuchaji mpaka asilimia 100 bila kuichosha betri haraka. Angalia tu usiuziwe ya soko la China, usukani kushoto, skrini ya Kichina, tundu la chaji la kwao. Tafuta yenye usukani kulia, iliyotengenezwa kwa nchi zinazopita upande wa kushoto wa barabara kama sisi.

Namba 2 ndo gari la wengi wetu, Leaf ya kuanzia mwishoni mwa 2017 yenye betri ya uniti 40, yaani kWh 40. Tegemea kilomita 200 hivi kwa matumizi ya kweli. Udhaifu wake ni betri haina mfumo wa kuipoza, inategemea hewa tu, na joto la Dar unalijua. Pembeni ya mita kuna vibaa 12 vya afya ya betri, kile cha kwanza kikipotea jua imeshashuka mpaka asilimia 85 hivi. Lakini usiviamini peke yake jamani, mimi yangu ya kwanza ya betri ya uniti 24 nilinunua kwa mtu ina vibaa 12 vyote, mwezi mmoja baadaye vikaanza kudondoka kama majani, kumbe kompyuta ya betri ilifutwa kumbukumbu. Roho iliniuma sana, hela yenyewe ya kuungaunga. Sasa siendi kuangalia Leaf bila kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani na programu ya LeafSpy kwenye simu inayosoma afya ya betri, ikiwa chini ya asilimia 80 naondoka. Hizo za betri ya 24 ni namba 4, za mizunguko ya mjini tu na iwe bei ya chini kweli.

Namba 3 ni Mitsubishi Outlander ya kuchomeka, kama unasafiri sana Mbeya au Mwanza. Mjini unatembelea umeme kilomita 40 hivi, porini injini ya petroli inakubeba.

Gharama: Leaf inakula kama uniti 17 kwa kilomita 100 ukihesabu na unaopotea kwenye kuchaji. Buku unapata uniti 2.8, hapo ni elfu 6, hela ya lita chache tu za petroli. Ila ukiwa kwenye tarifu ya wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, sahau, gari litakutoa humo wiki ya pili tu.

Na kabla gari halijatoka bandarini, ita fundi umeme akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye saketi breka, waya wa milimita 4, na waya wa ardhi, ile "earth", aupime. Kuchaji ni masaa 13 au zaidi mfululizo, soketi ya ukutani uliyorithi na nyumba ya kupanga itayeyuka.