TAHADHARI: Fyuzi za boksi zinazouzwa Kibuye haziungui, na hapo ndipo kuna hatari

Wenye magari wa Kisumu, Vihiga na Kakamega, fungueni boneti leo mwangalie mmechomekewa nini. Kuna jamaa hutandika turubai soko la Kibuye, hapa Kisumu, siku za Jumapili, pembeni mwa wauza spea, anauza fyuzi kwenye kiboksi cha plastiki chenye vyumba vyumba. Fyuzi mia, rangi zote, shilingi 250. Nilinunua. Dukani huwa nauziwa fyuzi moja kati ya shilingi 30 na 50, kwa hivyo siku hiyo nilijiona mjanja kweli.

Jina lake silijui. Na Kibuye kuna watu waaminifu ambao nimenunua kwao miaka nenda miaka rudi, kwa hivyo msiende kumshuku kila mwenye turubai. Angalieni bidhaa.

Naendesha Fielder kuukuu, nabeba omena za mama mmoja wa Dunga kupeleka Kakamega. Taa za nyuma zilikuwa zimekataa, nikakuta fyuzi ya TAIL, ya ampea 10, imekatika. Nikatoa nyekundu moja kwenye boksi langu jipya, nikachomeka, taa zikawaka. Zilikaa vizuri kama wiki tatu. Kisha jioni moja, tumeshapita Kiboswa tunapanda kuelekea Majengo, mama akaniambia, "Kijana, hii harufu si ya omena."

Nikacheka. Gari hilo limenuka omena hadi kwenye mikanda. Akarudia, na safari hii mkono ulikuwa tayari kwenye kitasa cha mlango.

Nikasimamisha. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka juu ya mlango wa buti, pale nyaya zinapopita ndani ya mpira. Nikazima gari, nikatoa kichwa cha hasi cha betri kwa spana namba 10, moshi ukaisha. Kumbe waya wa taa ya namba ulikuwa umechubuka pale unapokunjika kila buti likifunguliwa, shaba ikagusa bodi. Hiyo ni shoti ya kawaida sana kwa magari yenye mlango wa kuinua nyuma, na ndiyo kazi ya fyuzi: ikatike, taa zizime, ulalamike, uende kwa fundi. Yangu ilikuwa nzima. Plastiki imelainika na kuinama kama mshumaa ulioachwa juani, lakini kile kichuma cha ndani hakijakatika. Ulioungua ni waya, karibu mita moja na nusu, chini ya kitambaa cha dari. Kando yake kulikuwa na magunia makavu ya omena. Sitaki hata kulifikiria.

Fundi wangu wa umeme Kakamega ni mzee asiyependa maneno mengi. Aliunga globu tano kuukuu za taa za mbele, za wati 55 kila moja, kwenye betri, umeme wote ukipita katika fyuzi moja. Gawanya wati kwa volti 12: kila globu inakula karibu ampea 4.5, tano zote zinavuka 22. Akaanza na fyuzi ya ampea 10 ya asili, niliyoikuta kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi kama akiba. Nilihesabu moja, mbili, ikakatika. Kisha akaweka ya Kibuye, nyekundu, imeandikwa 10. Nikahesabu mpaka sitini. Globu zote tano zinang'aa, plastiki imeanza kunuka, na kichuma kimetulia tu. Mzee akaizima akaniambia, "Hii si fyuzi, ni msumari umevaa nguo." Fyuzi halali ikipitishiwa mara mbili ya namba yake hutakiwa iwe imekatika ndani ya sekunde 5. (Msijaribu hili nyumbani. Betri ya gari inaweza kuyeyusha spana mkononi mwako.)

Jumapili iliyofuata nikamrudia muuzaji. Jibu lake bado linaniuma kwa sababu lilichekesha watu: "Omera, fyuzi yangu imeungua?" Nikasema hapana. "Sasa unalalamikia nini? Wengine wanarudi kwa sababu zimeungua!" Waliokuwa pale wakacheka, na mmoja akanunua boksi nikiwa nimesimama hapo hapo.

Jinsi ya kuzitambua. Chukua fyuzi ya 5 na ya 30, ziinue kwenye mwanga. Za kweli, kichuma cha 5 ni chembamba kama uzi na mara nyingi kimepindapinda, cha 30 ni kinene. Kwenye boksi langu vyote vilikuwa na unene uleule, yaani wamebadilisha plastiki tu. Pili, angalia rangi na namba: 10 ni nyekundu, 15 buluu, 20 njano, 25 nyeupe ya kupenya mwanga, 30 kijani. Mimi nilikuwa na buluu nne zilizoandikwa 20. Miguu ya hizi feki unaipinda kwa vidole, na ukiichomeka inalegea, na mguu ukilegea unazalisha joto hata bila shoti. Halafu sumaku. Miguu ya fyuzi nzuri kwa kawaida ni ya zinki au shaba, haivutwi. Ikinasa, tupa. Isiponasa bado usifurahi, kuna feki za aluminiamu.

Na kwa kuwa wengi watakimbilia gari sasa hivi, tafadhali zima kwanza na utoe ufunguo. Soma mchoro ulio kwenye kifuniko. Gari nyingi zina masanduku mawili, moja chini ya dashibodi na jingine karibu na betri. Ng'oa kwa kile kikoleo kidogo cha plastiki, si kwa bisibisi. Kuangalia kwa macho hakutoshi, ufa mwingine ni kama unywele, kwa hivyo pima kwa mita ya fundi umeme. Ukiwa na testa ya taa (ile yenye ncha, na waya wake unabanwa kwenye bodi ya gari) huna haja hata ya kuing'oa: washa swichi ya gari, na ile taa unayoikagua, kisha gusa vile vitundu viwili vidogo vya chuma mgongoni mwa fyuzi. Testa ikiwaka pande zote, fyuzi ni nzima. Ikiwaka upande mmoja tu, imekatika. Zilizoandikwa SRS ni za mifuko ya hewa, ziache, na zile kubwa zilizofungwa kwa nati karibu na betri pia ni za fundi.

Ukikwama njiani bila akiba, azima ya ampea zileile kwenye redio au kichomeo cha sigara. Ikikatika mara ya pili, acha hapo, kuna shoti inatafutwa. Hapo ndipo utakutana na yule fundi wa steji anayekwambia, "Weka 30, haitakusumbua tena." Ni kweli haitasumbua, kwa sababu waya ndio utakaoungua mahali pake. Mwingine atakufungia ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, au waya wa shaba. Ukinunua gari la mkono wa pili, hasa lililokuwa la kubeba abiria, usiendeshe hata kilomita moja kabla hujakagua hayo masanduku mawili. Kwenye Probox ya shemeji yangu tulikuta msumari wa inchi mbili, umekatwa vizuri kabisa, umekaa mahali pa fyuzi ya honi.

Kutengeneza waya na dari kumenigharimu shilingi 6,500. Boksi langu bado ninalo, zimebaki fyuzi 88. Aliye Kondele au Mamboleo akitaka kulinganisha na zake anitumie ujumbe, nitamletea azione. Kuna mtu tayari ameniuliza kama naweza kumuuzia nusu bei. Hapana, kaka.