Shahada ya sheria ya miaka miwili kwa njia ya mtandao: tathmini ya mwanafunzi wa Mwanza

Kozi ninayoitathmini hapa ni ya chuo kimoja cha Uingereza kinachofundisha shahada ya kwanza ya sheria kwa njia ya mtandao, na mpango wake wa haraka hutangazwa kwa maneno mepesi: shahada ileile ambayo wengine huisoma kwa miaka mitatu, wewe utaimaliza kwa miaka miwili. Nimeisoma tangu usajili hadi matokeo ya mwisho nikiwa Mwanza, huku nikifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakili, na nilikuwa tayari na stashahada ya sheria ya Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto. Stashahada hiyo naitaja mapema kwa sababu karibu kila sifa nitakayoitoa inatokana kwa sehemu na ukweli kwamba sikuanza mikono mitupu.

Kinachofichwa na matangazo ni hesabu. Shahada ya Uingereza ina krediti 360, na kila krediti huhesabiwa kuwa sawa na saa 10 za masomo, ukijumlisha vipindi, kujisomea, kuandika kazi na kujiandaa kwa mitihani. Kwa miaka mitatu hizo ni krediti 120, yaani saa 1,200 kila mwaka. Mpango wa haraka haupunguzi hata krediti moja, bali hupanga krediti 180 ndani ya mwaka mmoja, na ile likizo ndefu ya majira yao ya joto hugeuzwa kuwa muhula. Saa 1,800 ukizigawa kwa wiki 45 unapata saa 40 kwa wiki, ambazo ni ajira kamili. Mtu anayeingia kazini saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni, kisha akagombania daladala ya kurudi Igoma au Kisesa, hana pa kuzitoa saa 40 nyingine, hata akiacha kwenda msibani na harusini. Mwajiri wangu alikubali nifanye kazi nusu siku kwa nusu mshahara, na bila makubaliano hayo nisingeshauri mtu yeyote aliye katika hali kama yangu ajaribu.

Kuhusu ada, nafuu ipo, ingawa si kwa kila mtu. Mwaka 2019 kikomo cha ada ya shahada za haraka nchini Uingereza kiliwekwa kuwa paundi 11,100 kwa mwaka, wakati cha shahada ya kawaida kilikuwa paundi 9,250, kwa hiyo mwanafunzi wa huko aliyesoma miaka miwili alilipa paundi 22,200 badala ya 27,750. Kikomo hicho hakitulindi sisi wa nje, kwani tunatozwa kadiri chuo kinavyopanga. Zaidi ya hayo, awamu za malipo hufuatana kwa karibu mno: unapomaliza kuhangaikia moja, nyingine imeshafika, na kwa kuwa deni ni la paundi na mshahara ni wa shilingi, kila shilingi inaposhuka ada yako hupanda bila chuo kubadilisha chochote. Makato ya benki ya kutuma fedha nje nayo yahesabiwe tangu mwanzo.

Vipindi vya moja kwa moja vilifanyika saa kumi na mbili jioni ya London, ambayo kwetu ni saa tatu usiku wakati wa baridi yao na saa mbili usiku baada ya wao kusogeza saa mbele mwishoni mwa Machi. Muda huo unamfaa mfanyakazi. Umeme ulipokatika nilitegemea simu na kifurushi cha intaneti, na hapo chuo kinastahili pongezi, maana kila kipindi kilirekodiwa na kingeweza kupakuliwa kama sauti tupu, jambo linalookoa kifurushi kwa kiasi kikubwa. Wahadhiri wawili kati ya wale walionifundisha walikuwa hodari hasa, wakiuliza maswali kwa majina na kusubiri jibu hata pale mtandao wa mwanafunzi unaposuasua.

Maktaba ya mtandaoni ndiyo sehemu ya huduma niliyoiona kuwa na thamani kuliko zote. Ukiwa na namba yako ya usajili unazifikia hukumu za Uingereza tangu mfululizo rasmi wa taarifa za kesi ulipoanza mwaka 1865, pamoja na vitabu vya kiada na majarida ambayo hapa Mwanza huwezi kuyapata dukani. Niliitumia hata kwa kazi za ofisini, kwa kadiri masharti ya chuo yalivyoruhusu, na nilipomaliza masomo kitu cha kwanza nilichokikosa ni maktaba hiyo.

Ufundishaji wenyewe umejengwa juu ya maswali ya visa, na hapa ndipo kozi inapopata alama zake za juu. Katika muhula wa kwanza, kwenye somo la mikataba, tulipewa kisa cha kijana aliye chini ya umri wa utu uzima aliyechukua nguo za gharama kwa mkopo, tukatakiwa kumshauri mfanyabiashara. Kesi ya kuisoma ilikuwa Nash dhidi ya Inman ya mwaka 1908, ambapo mshonaji alimdai mwanafunzi wa Cambridge bei ya nguo zikiwemo vizibao 11 vya kifahari, akashindwa kwa sababu baba wa kijana alikwisha kumnunulia nguo za kutosha, hivyo vizibao vile havikuweza kuitwa mahitaji ya lazima. Mhadhiri hakuridhika na sisi kuitaja kanuni. Alitaka tuseme ni ushahidi gani mfanyabiashara angepaswa kuuleta, nani alikuwa na wajibu wa kuuthibitisha, na jibu lingebadilikaje kama kijana angekuwa yatima. Nimekaa miaka mingi nikichapa hati za madai za mawakili, na sikuwahi kuziona hati hizo kwa jicho lile kabla ya usiku huo.

Hata hivyo, mwanafunzi wa Tanzania anapaswa kuwa macho. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ilitungwa kwa kufuata Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, na chini yake makubaliano ya mtu asiye na uwezo wa kuingia mkataba, akiwemo mtoto, ni batili, wakati Uingereza mkataba wa mtoto una ngazi zake, mwingine ukimfunga na mwingine akiweza kuukataa. Anayemdai mtoto thamani ya mahitaji ya lazima hapa kwetu hupitia kifungu cha 68, na hulipwa kutoka katika mali ya mtoto huyo. Matokeo yanaweza kukaribiana, lakini njia ni tofauti, na wakili atakayesimama mbele ya hakimu wa Nyamagana akiwa na njia ya Uingereza peke yake atakuwa hana kifungu cha kusomea. Si kwamba sheria ya Kiingereza haitufai. Sura ya 358 ya sheria zetu bado inazitambua kanuni za sheria ya mazoea ya huko (common law), yaani ile iliyojengwa na hukumu za majaji, na kanuni zao za haki (equity), pamoja na sheria zao za jumla zilizokuwapo tarehe 22 Julai 1920, mradi zisipingane na hali yetu, na somo la makosa ya madai, yaani yale ambayo aliyeumizwa hudai fidia, nililolisoma linatumika hapa karibu lote.

Somo la ardhi ndilo lililonipa shida zaidi. Nusu muhula tulikuwa tukichambua Sheria ya Mali ya 1925 na usajili wa ardhi wa mwaka 2002, ilhali wateja wanaopanda ngazi za ofisi yetu wanakuja na mgogoro wa kiwanja cha Buswelu kilichouzwa mara mbili, au nyumba ya mlimani Mabatini isiyo na hati. Hapa ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na inaongozwa na Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, huku shauri likianzia kwenye mabaraza ambayo mhadhiri wangu hakuwahi kuyasikia. Nililazimika kusoma sambamba, usiku wa Uingereza na asubuhi ya Tanzania, nikitumia tovuti ya TanzLII ambako hukumu zetu zinapatikana bure.

Huko ndiko nilikoisoma kwa utulivu hukumu ambayo kozi yoyote ya sheria inayouzwa kwa watu wa Kanda ya Ziwa ingepaswa kuwa nayo, ile ya Ephrahim dhidi ya Pastory, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu hapa Mwanza mwaka 1990. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake na kuiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo, na ndugu wakasema mila hairuhusu mwanamke kuuza. Jaji Mwalusanya aliipima mila hiyo kwa ibara ya 13(4) ya Katiba, inayokataza ubaguzi, na kuamua kwamba mwanamke ana haki ileile ya kuuza aliyo nayo mwanamume. Katika somo la sheria ya umma tulisoma mengi kuhusu haki za binadamu za Ulaya, na yalikuwa mazuri, lakini hukumu hii moja ilinionyesha namna haki hizo zinavyoingia shambani.

Lawama yangu kubwa si ya silabasi, kwani chuo cha Uingereza hakijaahidi kufundisha sheria ya Tanzania. Lawama ni ya kasi yenyewe. Insha ya kwanza ya kila somo ilirudishwa ikiwa na maoni ya msahihishaji baada ya tarehe ya kuwasilisha insha ya pili, na zaidi ya mara moja. Katika mpango wa miaka mitatu ucheleweshaji huo ungekuwa usumbufu mdogo, kwa kuwa mwanafunzi ana likizo ya kukaa na maoni hayo, kuyalinganisha na alichoandika na kujirekebisha. Katika mpango wa haraka nafasi hiyo ndiyo iliyokatwa. Vitabu havikupunguzwa, kesi hazikupunguzwa, mitihani haikupunguzwa. Kilichoondolewa ni muda wa somo kutulia kichwani, na kwa sheria, ambayo huiva kwa kurudiwarudiwa, huo ni upungufu mkubwa kuliko unavyoonekana kwenye ratiba. Nilimwandikia mratibu wa kozi, akajibu kwa adabu, na muhula uliofuata hali ikawa vilevile. Chuo kinachouza kasi kinapaswa kusahihisha kwa kasi hiyohiyo, na hilo swali mtu aliulize kwa maandishi kabla ya kulipa.

Swali jingine la kuuliza kabla ya kulipa linahusu uwakili. Wakala aliyeniandikisha, hapa hapa mjini, alisema nikimaliza miaka miwili nitaingia moja kwa moja kwenye uwakili, na maneno hayo hayana ukweli. Shahada ya nje hutambuliwa kwanza na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kisha mhitimu huomba nafasi katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, ndipo mlango wa kuapishwa ufunguke. Mafunzo ya huko si lelemama: katika matokeo yaliyozua mjadala Oktoba 2022, wanafunzi 26 tu kati ya 633 ndio waliofaulu moja kwa moja, hata Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, akaunda kamati iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe kuchunguza. Anayefika pale akiwa na sheria ya Uingereza peke yake atakuwa na mzigo wa kujifunza sheria za nchi yake, taratibu za mashauri ya madai na jinai, na uandishi wa hati kwa Kiswahili, ambacho tangu marekebisho ya mwaka 2021 ndicho lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka mmoja uliookolewa unaweza kurudi kuliwa hapo.

Kwa sababu hiyo, kijana aliyetoka kidato cha sita mwenye ndoto ya uwakili simshauri achukue mpango huu. Akisoma katika chuo cha ndani, uwe Mtakatifu Agustino pale Malimbe au Chuo Kikuu Huria, atafundishwa vifungu atakavyovitumia. Afisa wa benki au wa kampuni ya kusafirisha minofu ya samaki anayesoma mikataba ya wanunuzi wa Ulaya kila siku, ambaye hana nia ya kusimama mahakamani, atapata anachokilipia. Karani kama mimi yuko katikati, na kwangu kozi ilistahili ada yake, ingawa kwa gharama ya mshahara uliokuwa umepungua na familia iliyovumilia.

Atakayeamua kujiunga asome kwanza kanuni za kuhama mpango. Chuo changu kiliruhusu mwanafunzi aliyezidiwa kuhamia mpango wa miaka mitatu bila kupoteza krediti alizokwisha kuzipata, ilimradi aombe kabla muhula wa majira ya joto haujaanza. Ukishaanza, ada ya muhula huo hairudishwi, na masomo uliyosajiliwa yanahesabiwa kama jaribio la kwanza hata kama hukuingia kwenye chumba cha mtihani.