Oili na springi za shokapu za mbele: kabla hujalipia, geuza chupa usome nyuma

Wasomaji wanaleta malalamiko mawili yanayopingana. Mmoja ameweka oili ya 10W (namba ya uzito wa oili) kwenye shokapu za mbele, sasa usukani unampiga mikono kila tuta. Mwingine ameweka 10W vilevile, ila ya kampuni nyingine, na akishika breki mbele kunazama mpaka chuma kinagonga chini. Wote wawili walifuata kitabu cha pikipiki. Tatizo ni hiyo 10W yenyewe.

Kwenye oili ya shokapu, kila kampuni inaandika 5W, 10W au 15W kwa kipimo chake. Kinachokuambia ukweli ni mnato, yaani uzito wa oili katika kutiririka, uliopimwa oili ikiwa na nyuzi 40 za Selsiasi, na unaandikwa cSt (sentistoki) au mm²/s. Motul Fork Oil Expert ya 10W ina takribani 36. Silkolene Pro RSF, nayo 10W, inakaribia 47. Hiyo ni karibu theluthi zaidi, na jina ni lilelile! Muuzaji akikuambia "zote 10W, chukua yoyote", usimsikilize. Namba hiyo isipokuwepo kwenye chupa, huwa ipo kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa mtandaoni. Itafute ukiwa bado umesimama dukani.

Kwa nini nang'ang'ania jambo hili? Shokapu za Boxer, TVS HLX na pikipiki nyingi za bodaboda ni za aina rahisi: oili inasukumwa kupita kwenye matundu madogo ya bomba la ndani. Kwenye matundu hayo, shokapu ikienda kasi mara mbili, ukinzani unaweza kufika karibu mara nne. Kwa hiyo oili nzito inaonekana nzuri ukibonyeza usukani kwa mikono pale gereji, ila ukikutana na shimo kali kwa kasi, shokapu inakataa kushuka na pigo lote linapanda mabegani.

Kwa oili, chaguo langu la kwanza ni Motul Expert, na sifichi kwamba naipendelea. Namba zake zinapatikana, na ngazi zake zimepangika: 5W ni takribani 18, 10W ni 36, 15W ni 57. Anayebeba abiria wawili au magunia anaweza kuchanganya nusu ya 10W na nusu ya 15W akapata kama 45. Baada yake ni Liqui Moly au Castrol za shokapu, mradi umeiona cSt.

La tatu litawaudhi wauzaji: oili ya giaboksi ya gari ya otomatiki, ile nyekundu ya daraja la Dexron III. Mnato wake kwa nyuzi 40 uko maeneo ya 35, yaani jirani kabisa na 10W ya Motul, na wekundu wake unakuonyesha mapema sili ikianza kuvuja. Oili ya haidroliki ya mitambo yenye alama ISO VG 32 nayo inakubalika, kwa sababu hiyo 32 ndiyo cSt yenyewe.

Oili ya injini, hapana. 20W-50 mara nyingi inafika 150 au zaidi kwa nyuzi 40. Asubuhi ya baridi ya Njombe au Mbeya hiyo si shokapu tena, ni nondo.

Kwenye springi, usinunue kabla ya kupima. Funga kamba ya plastiki ya kubania nyaya kwenye bomba linalong'aa, juu tu ya kifuniko cha vumbi. Inua mbele mpaka tairi lining'inie, sukuma kamba ishuke, teremsha pikipiki taratibu, kaa na mzigo wako wa kila siku, shuka bila kuitikisa, kisha inua tena mbele upime. Kamba ikiwa imesogea robo mpaka theluthi ya mwendo wote wa shokapu, springi zako bado nzima na shida yako ni oili. Ikisogea zaidi ya hapo, toa springi zote mbili uzilaze sambamba mezani. Moja ikiwa fupi kuliko mwenzake, au zote zikiwa fupi kuliko kipimo cha kitabu, badilisha jozi.

Nunua za kampuni iliyotengeneza pikipiki, kwa wakala wake. Zile zinazoitwa "ngumu" pale Kariakoo, nenda na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Ugumu wa springi unafuata unene wa waya kwa kipeo cha nne: waya wa milimita 4.2 badala ya 4.0 unaongeza ugumu kwa zaidi ya asilimia 21, kama idadi ya mizunguko na upana ni vilevile. Springi iliyopakwa rangi nyekundu lakini yenye waya uleule haijaongeza kitu. Na kipande cha bomba juu ya springi kuukuu hakiifanyi ngumu. Kinainua tu pikipiki, na kikizidi urefu mizunguko inagusana kabla shokapu haijamaliza mwendo.

Hapa lazima niseme. Wapo wauzaji wanaopima oili kwenye chupa za maji ya kunywa, bila jina wala namba, wakatoza karibu sawa na ya kiwandani. Wapo wanaokataa usipime springi kwa sababu "itachafuka". Mtu anayeishi kwa pikipiki analipia usalama wa abiria wake, ana haki ya kuona anachonunua. Ukikataliwa kupima, ondoka. Nusu lita ya kiwandani mara nyingi inatosha shokapu zote mbili za mbele za pikipiki ya cc 100 mpaka 150, hivyo usikubali kuuziwa lita nzima kabla ya kuangalia kitabu.

Fundi alegeze kwanza boliti inayobana bomba juu, ndipo alegeze kifuniko mguu wa shokapu ukiwa bado umeshikwa. Amalizie kukifungua akikikandamiza, maana springi inaweza kukirusha usoni. Oili ya zamani imwagwe huku mguu ukipampiwa mpaka uishe kutema. Kitabu kina vipimo viwili, cha kubadilisha tu na cha shokapu iliyofunguliwa yote; cha pili ni kikubwa. Baada ya kujaza, pampu taratibu mpaka mapovu yaishe, acha dakika kumi, kisha pima usawa wa oili springi ikiwa nje na bomba limesukumwa chini mpaka mwisho. Miguu yote ilingane. Oili ikizidi, hewa ya juu inabanwa mno na sili zinapasuka.

Kabla ya kuweka sili mpya, pitisha ukucha kwenye bomba, hasa pale sili inapotembea. Ukucha ukinasa kwenye kidoa cha kutu, sili hiyo itavuja tena hata kama ni ya asili, na pesa yako ianze na bomba.