Tiba ya sanaa Bagamoyo: tathmini ya mhudhuriaji

Huduma ya tiba ya sanaa ninayoitathmini hutolewa katika nyumba ya kupanga karibu na Mji Mkongwe wa Bagamoyo, na mtaalamu Mtanzania aliyeisomea kazi hiyo Uingereza. Nilijiunga na kundi lake la wanawake waliofiwa baada ya kumaliza eda, na ninaandika kwa kuwa wengi huniuliza kama tunafundishwa kuchora. Hatufundishwi. Anayetaka kujifunza kuchora anayo TaSUBa papa hapa mjini, chuo kinacholea wasanii tangu 1981. Kwenye tiba ya sanaa hakuna alama wala mchoro mbaya, na kinachozingatiwa ni yale yanayomtoka mtu anaposhika rangi au udongo mbele ya aliyefunzwa kumsikiliza.

Uingereza, kazi hii ilianzia kwa wasanii walioingia hospitalini, kama Adrian Hill, mchoraji aliyewahimiza wagonjwa wenzake wachore alipokuwa akitibiwa kifua kikuu, na Edward Adamson, aliyeanza kuwaongoza katika kuchora wagonjwa wa hospitali ya akili ya Netherne mwaka 1946. Leo asiyesajiliwa huko haruhusiwi kisheria kujiita mtaalamu wa tiba ya sanaa. Marekani, leseni hutegemea sheria za kila jimbo, na Ujerumani jina hilo halilindwi na sheria, kwa hiyo mteja hulazimika kuchunguza mwenyewe elimu ya anayemhudumia. Nayataja haya kwa sababu yanamgusa mteja moja kwa moja: mtaalamu wetu alituonyesha uthibitisho wa usajili wake bila kuombwa, nami namshauri kila mtu aulize hivyo kabla ya kulipa.

Sifa yake kubwa ni kwamba hamfasirii mtu mchoro wake. Kati ya waasisi wa Marekani, Margaret Naumburg alitaka mchoraji mwenyewe aeleze picha yake inamkumbusha nini, ilhali Edith Kramer aliamini kwamba kule kutengeneza kwenyewe kunaponya. Mtaalamu wetu ameegemea zaidi kwa Naumburg. Nilipochora mlango wa nyumba yetu, aliniuliza tu, "Mlango huu hufunguliwa na nani?" Nilinyamaza kwa muda mrefu, kisha nikasema mambo ambayo sikuwahi kumwambia hata dada yangu. Michoro yote huihifadhi kabatini kwa kufuli hadi mwenyewe atakapoihitaji, na katika mji ambamo habari hufika sokoni kabla ya mwenyewe, jambo hilo lilinipa utulivu mkubwa.

Kasoro ziko pale ambapo utaratibu wa ugenini umeletwa kama ulivyo. Katika vipindi vya mtu mmoja mlango hufungwa, saa huangaliwa, na ndugu aliyekusindikiza husubiri nje juani, jambo ambalo kwa mjane anayeanza kutoka ndani ni zito kuliko anavyodhani mtaalamu. Alitaka pia tumwite kwa jina tupu, lakini akina mama wazee waliendelea kumwita mwanangu, naye, kwa heshima yake, akajifunza kuanza kipindi kwa shikamoo.

Lililonigusa zaidi ni la vifaa. Karatasi nyeupe na brashi ziliwatia woga wenzangu, hadi tulipoomba kuleta ukili. Mikono ilipoanza kusuka, mazungumzo yalifunguka. Kazi za mikono katika kuwauguza wagonjwa wa akili si jambo geni kwetu, kwani hospitali ya Lutindi, kule milima ya Usambara mkoani Tanga, imezitumia kwa miaka mingi. Hata hivyo mtaalamu wetu bado anauchukulia ukili kama maandalizi kabla ya kuchora, nami napinga, kwa sababu anayechagua rangi za kindu na mahali pa kuziunganisha anachagua kama anayechora.

Ada ya kundi ni nafuu, ila ya mtu mmoja ni kubwa kwa wengi wetu. Aliye katika hali ya hatari apelekwe hospitali kwanza. Kwa mfiwa, ningechagua kundi, na anayetaka kipindi cha peke yake aulize mapema kama ndugu yake ataruhusiwa kusubiri ndani.