Alun Wyn Jones au Richie McCaw?

Kijiweni kwetu Mwanjelwa ubishi ni Mbeya City na Prisons. Raga tunaifuatilia wawili watatu tu. Juzi mwenzetu mmoja, mpakia viazi, alitua lumbesa, akajifuta jasho na kuuliza: kati ya Jones wa Wales na McCaw wa New Zealand, kiboko nani?

Kwa vikombe, huo si ubishi. McCaw, aliyecheza ubavuni mwa skramu (pale wachezaji wa timu mbili wanapoinama na kusukumana kugombea mpira), alianza 2001, akacheza mechi 148 za taifa, akashinda 131. Kombe la Dunia kalibeba mara mbili akiwa nahodha, 2011 na 2015, na lile la kwanza alilicheza mfupa wa mguu ukiwa umevunjika.

Jones hana Kombe la Dunia. Ila yeye alikuwa safu ya pili, pale unapowasukuma wa mbele kwa bega huku wa nyuma nao wanakusukuma wewe. Lumbesa kabisa! Tangu 2006 hadi 2023 alicheza mechi 158 za Wales, ukiongeza 12 za Lions, timu ya pamoja ya England, Scotland, Wales na Ireland. Juni 2021 bega liliteguka Lions wakicheza na Japani. Wiki chache baadaye yuko Afrika Kusini, nahodha wa Lions, mechi zote tatu.

Mimi timu ningemkabidhi McCaw. Kwa kudumu, Jones, tena kwa mbali. Mpakia viazi hakutaka hata kusikia habari za vikombe.

"Bega nalijua mimi, kaka," alisema, akainama kuubeba mzigo wake.