Kusafishwa kwa Yai katika Mercado de Sonora: Kinachostahili Malipo na Kisichostahili

Huduma ya kumsafisha mtu kwa yai bichi, ambayo Wameksiko huiita limpia, hupatikana katika miji na vijiji vingi vya nchi yao, lakini ni mahali pachache inapouzwa waziwazi kama katika Mercado de Sonora, soko lililofunguliwa mwaka 1957 upande wa kusini-mashariki wa kitovu cha Jiji la Meksiko. Tathmini hii inahusu kibanda kimoja cha soko hilo, ambacho sitakitaja kwa jina kwa kuwa nina malalamiko juu yake, pamoja na bibi mmoja anayetoa huduma hiyohiyo nyumbani kwake katika mtaa wa mbali na watalii. Maoni yangu ni kwamba kitendo chenyewe cha kupitishiwa yai mwilini kinastahili fedha yake, ilhali usomaji wa yai ndani ya glasi ndipo mteja anapotakiwa kuwa macho, kwa sababu hapo ndipo mganga anapoonyesha kama anatibu au anafanya biashara ya hofu.

Nianze na kilicho kizuri. Kibanda kiko ndani ya safu za wauza mitishamba, na mteja huketishwa kwenye kigoda nyuma ya pazia la kitambaa, katikati ya mishumaa ya rangi zote na sanamu za watakatifu. Mganga, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, aliniuliza kwanza ninasumbuliwa na nini, nikamwambia ni kukosa usingizi na kichwa kizito. Alifukiza kopali katika chetezo cha udongo, na harufu yake haiko mbali na ile ya sandarusi, akanipigapiga mabegani na mgongoni kwa kicha cha mrihani, ruda (mmea wa dawa wenye harufu kali) na matawi ya pirul. Huu wa mwisho ni mti wenye asili ya Amerika Kusini, ambao wakazi wa nyanda za juu za Kenya wanaufahamu kwa vivuli vyake kando ya barabara. Kisha alichukua yai, akalichora ishara ya msalaba juu ya utosi wangu, akalishusha polepole usoni, shingoni, kifuani, mikononi, hadi kwenye nyayo, huku akisali Baba Yetu na Nasadiki kwa sauti ya chini isiyokatika. Yai lilikuwa baridi, na mkono wake haukuwa na haraka. Kwa muda wote huo hakuna aliyenisemesha wala kunitaka nijibu lolote, na nadhani katika jiji lile lenye kelele utulivu huo peke yake una thamani ya peso 250 nilizolipa.

Nadharia ya tiba hii ni rahisi kueleweka kwa yeyote aliyekulia Pwani yetu, ambako zinguo na mayai yaliyoachwa njia panda si habari ngeni. Yai huaminiwa kufyonza kilichomwingia mtu, hasa mal de ojo, yaani madhara ya jicho la hasidi au la mtu aliyekutazama kwa kustaajabu kupita kiasi, na pia susto, ule mshtuko unaosemekana kuitoa roho mahali pake. Watoto wachanga ndio wanaopelekwa zaidi kwa ajili ya jicho, na siku zinazopendelewa ni Jumanne na Ijumaa. Ni mchanganyiko wa kale na wa kuja: kopali ilifukizwa na wenyeji kabla ya Wahispania kutia nanga, lakini kuku aliletwa na Wahispania haohao katika karne ya 16, na kabla ya hapo ndege mkubwa aliyefugwa huko alikuwa bata mzinga. Sala nazo ni za Kikatoliki kabisa. Mganga wa kibanda aliniambia kwamba yai zuri ni huevo de rancho, yaani la kienyeji, ingawa lile alilolitumia lilikuwa jeupe, la kawaida, kama yale yanayouzwa kwa kilo katika kila duka la mtaani. Nililiona hilo kuwa dosari ndogo, nikanyamaza.

Dosari kubwa ilikuja baada ya kulivunja. Yai hupasuliwa ndani ya glasi ya maji, na mganga huyasoma maumbo: mapovu ni macho ya watu wenye wivu, nyuzi zinazopanda juu mfano wa sindano ni maneno ya maadui, ukungu ni huzuni, na tone la damu ni uchawi. Langu lilikuwa na vyote, likiwemo doa dogo jekundu, na hapo sauti ya upole ikabadilika. Niliambiwa kwamba kuna mtu wa karibu aliyenifanyia kazi, yaani uchawi, makaburini, na kwamba kuiondoa kungehitaji mishumaa maalumu, vikao kadhaa na peso 4,500, ambazo sehemu yake ilitakiwa papo hapo kabla jambo halijawa baya zaidi. Nilikataa, na sikuagwa.

Kwa faida ya atakayeketi kwenye kigoda kile baada yangu, ni vyema ijulikane kinachotokea ndani ya glasi. Ganda la yai lina maelfu ya vitundu vidogo vinavyopitisha hewa, na hewa hushikwa na ute wakati wa kupasua, ndiyo maana mapovu huonekana. Ute wa yai lililokaa siku nyingi ni mwepesi na hutawanyika kwa urahisi, na maji yakiwa na uvuguvugu huuinua kwa nyuzi ndefu. Pembeni mwa kiini kuna kamba mbili nyeupe zinazokishikilia mahali pake, ambazo ukiambiwa ni nyoka utaona nyoka. Doa la damu kwa kawaida hutokana na mshipa mdogo uliopasuka ndani ya kuku wakati kiini kikiumbwa au kikiachiliwa. Nimepasua nyumbani mayai ambayo hayakumgusa mtu yeyote, nikapata sindano na mapovu ya kutosha kuutia ukoo mzima katika ugomvi.

Je, hilo linaifanya huduma yote kuwa udanganyifu? Bibi wa mtaani alinionyesha kwamba si lazima iwe hivyo. Yeye hapangi bei. Mtu huacha alichojaliwa katika bakuli lililo chini ya picha ya Bikira wa Guadalupe. Alinipitishia yai la kienyeji kutoka kwa kuku wake, tena kwa utaratibu uleule wa sala na majani, lakini alipolivunja aliyatazama maumbo kidogo tu, akasema nimebeba mzigo usio wangu, kisha akaanza kunihoji kuhusu kazi, chakula, na mara ngapi ninazungumza na mama yangu aliye mbali. Aliuliza pia kama nimepimwa shinikizo la damu, akanisihi nisiache dawa yoyote ya hospitali kwa ajili ya yai lake. Maji yale aliyamwaga chooni bila sherehe. Upungufu wake ni kwamba hupokea wagonjwa wachache, husubiriwa kwa saa nyingi, na hampokei mtu ambaye hajaletwa na jirani.

Anayetaka kwenda Sonora ateremke kituo cha metro cha Merced, aende asubuhi, asipige picha bila ruhusa, na aulize kabla ya kuketi kama bei ni ya limpia nzima pamoja na usomaji wa yai. Akitajiwa kazi ya ziada, aseme atarudi, alipe walichopatana na kuondoka. Lile yai asikubali kulila wala kurudi nalo nyumbani, kwa sababu za mganga au za daktari, achague mwenyewe. Kibanda nilichokwenda nakipa nyota mbili kati ya tano, zote mbili kwa ajili ya mkono uliolishika yai kabla halijavunjwa.