Fundi aliyepima hewa kwanza: chumba cha mama huku Loresho sasa kinalalika

Mama alihamia kwetu Loresho, Nairobi, mwezi wa Mei kutoka Mji wa Kale, Mombasa. Ana miaka 82. Kufika Julai alikuwa analala na soksi, sweta langu na leso mbili kichwani, na kila alfajiri swali ni lile lile: "Mwanangu, chumba hichi kina nini?" Kipimajoto nilichoweka kando ya kitanda chake kilisoma digrii 16 saa kumi na moja alfajiri. Jioni yake sebuleni, hatua kumi kutoka mlango wake, sisi tulikuwa tunavua masweta.

Nyumba tunayopanga ina mashine moja kubwa ya kupasha na kupoza hewa, imefichwa darini. Hewa inasafiri kwa mabomba hadi vyumbani, na nyumba imegawanywa kanda tatu, kila moja na swichi yake ukutani: sebule na jikoni, kisha vyumba vyetu pamoja na cha wageni, halafu chumba cha mama peke yake mwisho wa korido. Nairobi wenye mfumo kama huu ni wachache, na mafundi wanaouelewa ni wachache zaidi. Hilo nimelilipia. Fundi wa kwanza alisikiliza mashine ikinguruma, akasema gesi imepungua, akajaza, akachukua Sh9,500. Baridi ikabaki pale pale. Wa pili hakupanda hata darini. Aliniandikia bei ya mashine kubwa zaidi, laki tano na ushee. Sitawataja, ila nilikaa na ile karatasi wiki nzima nikipiga hesabu ya kumwomba mwenye nyumba.

Waliotusaidia ni karakana ndogo niliyoelekezwa na jirani. Alikuja fundi mwanamke wa makamo na kijana anayemsaidia. Jambo la kwanza lililonifurahisha ni kwamba alimwendea mama kwanza. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Akamuuliza baridi inamwingia saa ngapi, na kama hewa ile hutoka kidogo ikakatika au haitoki kabisa. Mama, ambaye hapendi mafundi waingie chumbani kwake, alimfungulia mwenyewe na kumweleza kila kitu: inatoka kidogo, inakatika, halafu darini kunalia kr-kr-kr.

Vifaa havikutolewa bado. Alichukua tishu, akaipasua utepe mwembamba, akauning'iniza mbele ya tundu la hewa la sebuleni. Ukapepea kama bendera. Chumbani kwa mama utepe ule ule ulitikisika ncha tu. "Gesi ingekuwa na shida, vyumba vyote vingelia," akasema. "Kinacholia ni kimoja, basi tufuate njia ya hewa." Akaongeza jambo ambalo natamani ningelijua kabla ya kutoa ile Sh9,500: gesi ya mashine hizi haiishi kama ya kupikia. Inazunguka humo humo miaka yote, na ikipungua kuna mahali inavuja, kwa hiyo anayejaza bila kutafuta tundu hajatengeneza kitu.

Ndipo akachomeka kipimajoto chembamba kwenye bomba linalorudisha hewa kwenye mashine: digrii 19. Kwenye bomba linalotoka: 44. Tofauti ya 25 alisema ni kubwa mno. Joto linatengenezwa vizuri, lakini hewa inayopita kulibeba ni haba. Akaniambia nizime kanda nyingine zote niache ya mama, kama tunavyofanya usiku. Dakika sita, mashine ikajizima na kuwasha taa nyekundu. Kumbe kila usiku, sisi tukiwa tumejifunika blanketi na kuzima kanda yetu, mashine yote ilikuwa inasukuma hewa kwenye njia moja iliyoziba, presha inapanda, nayo inajizima ili isiungue. Mama anabaki na baridi mpaka asubuhi.

Nilipanda naye darini, nikashika tochi. Kila kanda ina kilango cha bati ndani ya bomba, mafundi wanakiita dampa, kinachofunguliwa na mota ndogo pembeni. Kijana akabonyeza swichi kule chini. Mota ikazunguka, kr-kr-kr, na ukisikiliza tu utaapa kilango kimefunguka. Fundi akaniambia nitazame ncha ya chuma cha katikati, kile kinachogeuza bati la kilango. Ina mfereji mwembamba uliochongwa kuonyesha bati limelala upande gani, na mfereji ule haukusogea hata kidogo. Skrubu inayoshikanisha mota na chuma ilikuwa imelegea, mota inajizungukia peke yake, bati limefunga. Akaikaza kwa spana ya pembe sita, akachora mstari mweupe kwenye chuma na mwingine kwenye mota, ili yeyote atakayepanda siku nyingine aone kwa jicho kama vinakwenda pamoja.

Tukatambaa mbele kidogo tukakuta ubao wa futi sita umelazwa juu ya bomba laini linalokwenda chumbani kwa mama. Waliopitisha waya wa intaneti mwaka jana walikanyagia hapo wakauacha. Bomba lilikuwa limebonyea bapa, mkono wangu haungepita. Fundi aliukata ule upande ulioharibika, akaunga kipande kipya, akakining'iniza kwa mikanda mipana ili kisijipinde.

Filta ilikuwa na vumbi kama blanketi, wakaiosha. Kisha akapandisha kasi ya feni hatua moja, na sababu yake ilimvutia hata mama. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15 hadi 20, kwa hiyo feni ile ile inayotosha pwani hapa inabeba joto kidogo. Mwisho akaunganisha kanda ya mama na yetu wakati wa usiku, zifunguke pamoja, maana chumba kimoja ni kidogo mno kupokea hewa yote ya mashine ile. Alipopima tena: 20 ikirudi, 36 ikitoka. Utepe wa tishu chumbani kwa mama ukapepea.

Tulilipa Sh21,800, vifaa na kazi, kwa M-Pesa, na risiti nikapewa papo hapo. Walichelewa saa mbili bila kupiga simu, na hilo niliwaambia usoni, kwani nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Vumbi la darini lilimwagika kwenye korido kabla hawajatandika shiti. Chumba cha wageni bado kina baridi kidogo. Bomba lake ni jembamba tangu ujenzi, na fundi alinishauri nisitumie pesa hapo kwa chumba kinacholaliwa mara chache. Baada ya wiki mbili walirudi kupima bila malipo. Alfajiri chumba cha mama sasa kinasoma digrii 21, na leso zimerudi kabatini.

Ukiwaita mafundi kwa shida kama hii, waombe waje asubuhi mapema. Kufikia saa nane mchana jua la Nairobi limeshapasha kuta, vyumba vyote vinakaribiana, na chumba kinachokutesa usiku hakitaonyesha kitu.